Winga Aliyeamkiwa Shikamoo

Vijana mnaoanza kufundisha watoto mpira, wengi wenu mkinikuta hapa kibarazani mnaniuliza mazoezi. Mwalimu, tuwape mazoezi gani? Mnataka koni, mnataka ngazi za kamba, mnataka video za kwenye simu. Mimi nawaambia jambo la kwanza si zoezi. Jambo la kwanza ni kushuku. Shuku kila kitu, halafu ndipo upulize filimbi.

Nimestaafu sasa. Magoti yalistaafu kwanza, mimi nikayafuata. Kwa kweli sikuwahi kuwa mtu wa mwendo. Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ya kila siku kwa miaka mingi ilikuwa kutoka kwenye kiti hiki mpaka uwanjani, umbali ambao mke wangu akiniita kula namsikia, na bado nilikuwa nabeba chupa ya chai. Ni Mluguru kwa baba na kwa mama, lakini Mluguru wa Morogoro mjini: mlima naujua kwa kuutazama. Wingu likikaa kwenye kilele cha Bondwa nitakuambia mvua itafika uwanjani kabla ya mapumziko au baada. Ukitaka kujua nyuma ya kilele kuna nini, muulize mwingine.

Tuanze na mashaka madogo madogo. Mtoto akikuambia tumbo linamuuma, usikimbilie dawa. Jikumbushe kwanza: limeanza kuuma kabla au baada ya kumwambia kwamba leo atakaa golini? Mzazi akileta soda za timu nzima, mshukuru, kunywa ya kwako, halafu tazama mwanawe anacheza namba ngapi, maana wiki ijayo ataomba abadilishwe. Mtoto akifika mapema kuliko wenzake akapanga mawe ya magoli bila kutumwa, mchunguze. Huenda anapenda mpira. Huenda pia goli la upande wake amelibana. Na ukimwona refa anacheka sana na kocha wa wenyeji kabla ya mechi, usilalamike. Nenda nawe ukacheke.

Mshuku na mwalimu mwenyewe. Nilipoanza kazi hii nilidhani nafundisha mpira, kumbe nafundisha foleni. Nilikuwa na mpira mmoja na watoto tele. Nawapanga mstari, mmoja anapiga, anarudi nyuma, anasubiri. Marehemu Kocha Shabani, aliyenishika mkono katika kazi hii, alisimama pembeni akatazama mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama watoto wale wanasubiri kugawiwa mahindi ya msaada. Kesho yake akaja na gunia la mipira ya matambara na nailoni aliyoishona mwenyewe, akampa kila mtoto wa kwake, akaugawa uwanja vipande vipande, akawaambia chezeni. Mpaka leo sijapata zoezi lililolishinda lile. Mtoto mdogo mpe mpira mdogo, tena uupunguze upepo. Mpira mgumu kama jiwe unamfundisha kuogopa. Na wakiukimbilia wote kwa pamoja kama nyuki, usipige kelele za "fungueni, fungueni". Hao ni watoto, ndivyo walivyo. Siku utakayomwona mmoja haukimbilii, amesimama zake pembeni anasubiri umjie, hapo ndipo uketi uanze kufikiri.

Kufikiri nini? Kufikiri kijeba.

Neno hilo mnalijua, lakini kwa faida ya wasiolijua: kijeba ni mtu mzima anayechezeshwa na watoto. Amenyoa ndevu, ameshusha bega, ameambiwa akiulizwa aseme yuko darasa la nne. Kwenye mashindano ya watoto kijeba ni kama panya ndani ya unga. Akionekana mmoja, unamwagwa wote. Timu inarudishwa nyumbani, na msimu unaofuata hakuna anayewaalika. Nimeona timu nzuri zikifa hivyo, watoto wasio na kosa wanalia barabarani na mabegi yao.

Vyeti vya kuzaliwa sikuwahi kuviamini. Cheti nacho kinaweza kuwa kimezaliwa jana. Kocha Shabani alikuwa fundi cherehani mchana na kocha jioni, akanifundisha kutazama suruali. Mtoto anayekua, suruali yake inafupika kila baada ya muda mfupi. Mama yake analia, fundi anacheka. Suruali ikikaa mwaka mzima mahali pale pale juu ya kifundo cha mguu, basi mwenye suruali ameshamaliza kukua. Kipimo kingine ni kile cha zamani cha kuandikishwa darasa la kwanza: pitisha mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Hicho nilikitumia kubagua wale wadogo kabisa, mpaka siku walipogundua kwamba timu ya wadogo ndiyo inayopewa jezi mpya. Jioni ile uwanja mzima mikono ilikuwa imefupika. Kuna beki mmoja, mrefu kama mgomba, aliugeuza mkono angani kama anatafuta mtandao wa simu, akaniambia kwa huzuni, mwalimu, haufiki.

Sasa mnaelewa nilikuwa katika hali gani alipokuja Deo.

Uwanja wetu ulikuwa pale njia ya mlimani inapoishia mjini. Wanawake wa Towelo, kijiji cha huko juu, walikuwa wanashuka na kabichi, karoti na majani ya maboga kwenda sokoni, na Jumamosi walianza kutuachia mtoto mmoja. Wanapita asubuhi, wanamweka, wakirudi na vikapu vitupu wanamchukua. Mdogo wa umbo, miguu mitupu, kaptura yake imekatwa kutoka kwenye suruali ya mtu mzima na kukunjwa kiunoni mara kadhaa. Kipimo cha Kocha Shabani kikafia hapo hapo. Unaipimaje kaptura iliyozaliwa ikiwa suruali?

Nikamweka winga ya kulia. Wenzake wakaukimbilia mpira kama nyuki. Yeye akasimama pembeni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua shamba. Mpira ukatoka kwenye vumbi, ukamjia wenyewe, akaupokea kwa ndani ya mguu, akampiga beki wangu mrefu tobo katikati ya miguu, akaweka krosi. Hakushangilia. Akairudisha mikono yake nyuma.

Nilifurahi na nikaingiwa na baridi kwa wakati mmoja.

Nilipogawa pipi, wenzake walizimaliza kabla sijafunga mfuko. Deo akaitia yake mfukoni, akasema asante, ataila baadaye. Mtoto gani ana baadaye? Nilipowagombeza kwa kutupiana vumbi, wengine waliangalia chini. Yeye akatikisa kichwa pamoja na mimi, kama tunawasikitikia wote wawili.

Halafu ikaja Jumamosi yenyewe. Zilikuwa zimebaki wiki chache twende bonanza la watoto Turiani. Nimekaa kwenye tofali namwaga chai, wanawake wa Towelo wanarudi kutoka sokoni. Mmoja wao, mama mtu mzima mwenye mtoto mgongoni, akatua kikapu, akapiga goti hasa, goti likagusa vumbi, mbele ya winga wangu wa kulia.

"Shikamoo babu."

Deo alikuwa anakung'uta mchanga miguuni. Hakuinua hata kichwa.

"Marahaba. Mmeuza?"

"Tumeuza, babu. Karoti zimebaki kidogo."

"Haya. Twendeni, mvua hiyo."

Chai ilinimwagikia pajani na sikuisikia.

Nilitazama kama yule mama anacheka. Hacheki. Nikatazama kama Deo anacheka. Wapi. Wakapanda zao mlima, babu mbele, wajukuu nyuma na vikapu.

Nikaanza upelelezi. Nikamwita Shafii, kipa wangu, mtoto asiyeweza kukaa na neno mdomoni. Akaniambia mbona wote wanajua, Deo ana wajukuu mpaka Mgeta. Nikapata namba ya mwalimu wa shule ya huko juu, nikampigia, akasema ndiyo, mtoto yupo, darasa la tano. Sikutulia. Hata mimi nilikuwa darasa la tano nina sauti ya beberu. Nikaenda sokoni, nikamuuliza mzee mmoja wa Towelo anayeuza tangawizi: yule Deo anayeshuka na akina mama ana umri gani? Mzee akanipima kwa macho, akauliza namsema yupi, babu? Babu yule wa zamani sana, akasema, huu mti wa nyuma yangu umemkuta.

Jumamosi iliyofuata nikamweka Deo kando, nikamwambia ukweli. Kwamba sijui yeye ni mtu gani. Kwamba timu ikikutwa na kijeba huko Turiani inafungiwa, na watoto hawa wote watakosa. Kwamba mpaka nijue, haendi.

Alikuwa ameshaiomba jezi namba saba na nilikuwa nimeshampa, na nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anailalia. Lakini alinijibu kama mwenyekiti wa kijiji.

"Sawa mwalimu. Njoo nyumbani uulize."

Mtu wa kawaida angemuuliza mkewe. Mama Tausi amezaliwa Matombo, amekulia mlimani, mila zote anazo kichwani. Lakini mpelelezi hamwambii mtu. Nikaamka asubuhi, nikaaga kwamba naenda kutazama uwanja, nikapanda mlima.

Safari hiyo sitaisimulia yote, nina heshima yangu. Nitasema tu kwamba kila niliposimama kutazama mandhari, mandhari nilikuwa siyaoni. Wanawake wenye ndoo kichwani walinipita wakishuka, wakanipita tena wakipanda, na kila mara wananipa pole. Watoto wa shule walinipita wakikimbia. Mwisho akanipita bibi mmoja na mzigo wa kuni, akaniuliza kama naumwa, aniitie watu.

Nyumbani kwa kina Deo nilimkuta bibi mwingine, mkavu, mchangamfu, anachambua maharage kwenye ungo. Deo yupo uani anamfukuza kuku. Nikapewa kigoda, nikapewa maji, nikapewa muda wa kupumua. Kisha nikauliza, huyu Deo ni nani yako?

"Kaka yangu."

Nikafikiri masikio yameziba kwa kupanda. "Kaka yako vipi, bibi?"

"Kaka. Baba mmoja, mama mmoja. Mimi ndiye niliyemfuata."

Nikamtazama bibi, meno mawili. Nikamtazama kaka yake mkubwa, amemkosa kuku, ameanguka, anacheka peke yake. Nikasema moyoni, Shabani, ungekuwa hai ningekuleta huku uone kijeba wa karne.

Bibi aliniacha niteseke kiasi alichoona kinanitosha, ndipo akaeleza. Kaka yake alikuwa anaitwa Mloka. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo wao kwa upande wa mama, wa kugawa mashamba, wa kupatanisha watu. Akafa. Siku ya kumaliza msiba ukoo ukakaa, kwa sababu jina la mtu kama huyo halilazwi chini. Lazima ainuke mtu alichukue. Wakamwinua Deo, mjukuu wa dada yake. Wakamvisha nguo ya marehemu, wakamkalisha kwenye kigoda chake. Hicho hicho nilichokuwa nimekalia mimi, na niliinuka haraka kuliko magoti yalivyokusudia. Tangu siku hiyo kwa bibi yule ni kaka, kwa wengine mjomba, kwa wengi babu. Mashauri ya ukoo wanaamua wazee, lakini hawaanzi mpaka Deo akae. Na ile kaptura ni suruali ya Mloka.

Nikamuuliza, sasa Deo mwenyewe, yule wa kuzaliwa na mama yake, alizaliwa lini? Akanionyesha juu kwa kidole. Alizaliwa wiki ile wanaezeka nyumba, mama yake akapata uchungu mafundi wakiwa juu ya paa. Nikalikagua bati lile kwa muda mrefu. Lilikuwa bado linang'aa, kutu imeanza kwenye kingo tu. Cheti kinaghushiwa, suruali inakatwa, lakini bati halina ndugu. Nikasema sawa, huyu ni mtoto.

Niliporudi sikuweza kuficha, kwa kuwa Mama Tausi alinikuta nimekaa mlangoni siwezi kupanda ngazi moja. Nikamwambia yote. Alicheka mpaka akakaa chini karibu yangu.

"Ungeniuliza. Mimi mwenyewe nikienda Matombo mjomba wangu ananiita mama."

"Sikukuuliza kwa kuwa sikukuamini."

"Sasa unaniamini?"

Nikamwambia bado nafanya uchunguzi. Akanipaka mafuta ya mchaichai kwenye magoti, kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika.

Nikamwambia Deo anakwenda. Ila nikampa angalizo moja: Turiani hakuna kuamkiwa. Kule wewe ni Deo, namba saba, basi. Akasema sawa mwalimu. Wanawake wa Towelo nao wakanihakikishia hawaji, wana mboga za kuuza. Nikalala usingizi mzuri. Vijana, nawaambieni, mwalimu akilala usingizi mzuri usiku wa kuamkia mechi, kuna kitu hakukishuku.

Kitu chenyewe kilikuwa simu. Wale wa Towelo walitimiza ahadi, hawakuja. Walipiga tu simu kwa ndugu zao walioteremka siku nyingi kwenda kulima mpunga na kukata miwa huko huko Turiani. Wakawaambia babu anakuja kwenu.

Basi letu dogo, Kosta, lilipoingia uwanjani, ukoo ulikuwa umeshajipanga. Wanawake wamevaa vitenge vya sherehe. Mmoja ana jogoo kwapani. Mbele yao mwanamume mmoja jitu, Salvatori kwa jina, mkata miwa, masizi ya miwa iliyochomwa yamemganda kwenye kucha, mvi zimeanza pembeni. Mlango wa Kosta ukafunguka, watoto wakamwagika, na Deo alipokanyaga chini tu, lile jitu likainama mpaka kiunoni.

"Shikamoo babu. Umetufikia."

Nyuma yake magoti yakashuka kama mpunga uliopigwa na upepo. Deo akanitazama mimi. Akawatazama wao. Angefanya nini? Akaitikia.

Upande wa pili wa uwanja, kocha wa wenyeji alikuwa anajaza mpira upepo. Akaacha pampu. Kijana wa rika lenu, Ibra, suti ya michezo, miwani imepandishwa kichwani. Akaja moja kwa moja, macho yake hayatoki kwa Deo. Alianza na kaptura. Kisha mikono. Kisha kidevu. Kwa kweli nilimpenda palepale. Ningekuwa na mtoto wa kiume katika kazi hii, angekuwa yule.

"Shikamoo mwalimu. Sikuja kugombana," akasema. "Lakini mtoto gani anaamkiwa na mtu mwenye mvi?"

"Ni mambo ya ukoo, mwanangu."

"Ukoo anacheza namba ngapi?"

Malalamiko yakafika chini ya turubai, kwa mama aliyekuwa mwenyekiti wa bonanza, mama mzito mwenye kipaza sauti alichokuwa anakipenda sana. Nikaeleza habari ya Mloka. Nikaeleza kigoda. Nilipofika kwenye bati niliona nyuso zinaniangalia kwa huruma, nikajua namna wapelelezi wanavyoonekana na watu wenye akili. Bati lenyewe liko Towelo, nami nimekuja na filimbi.

Mama Mwenyekiti akafikiri, kisha akatoa uamuzi, kwenye kipaza sauti, uwanja mzima usikie. Alisema yeye si mtu wa kuvunja furaha ya watoto. Huyu mtoto aseme hapa mbele ya watu hawa kwamba yeye si babu wa mtu, ni utani tu, naye acheze. Asiposema, atahesabiwa mtu mzima, na timu yote irudi Morogoro.

Nikachuchumaa mbele ya Deo, magoti yakalia watu wakasikia. Nikamnong'oneza, sema tu. Ni neno moja. Sema ni utani, tucheze, jioni tutawaomba radhi. Nyuma yangu kina Shafii wamesimama na jezi zao, wengine wameshaanza kufuta macho. Deo alikuwa ameishika jezi yake kwa chini, ameikunja kwenye ngumi. Alikuwa anataka kucheza. Sijaona mtoto anataka kitu namna ile.

Akawatazama ndugu zake. Wanawake walikuwa wameinamisha vichwa, hawataki kumtazama asije akaona aibu.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "nikisema mimi si yeye, atakuwa amekufa."

Nimesoma mpaka kidato cha nne na sikufundishwa jibu la hilo.

Yeye ndiye aliyelipata. Akanipita, akaenda akasimama mbele ya ukoo wake, mikono nyuma.

"Wajukuu," akasema. Wote wakainama. "Leo hapa msiniamkie. Niiteni Deo, kama wenzangu wanavyoniita. Mpaka mpira uishe."

Salvatori akapangusa viganja kwenye suruali. Jasho linamtoka. Akafungua mdomo, akaufunga, akafungua tena kama mtu anayemeza mfupa.

"Mambo vipi, Deo," akasema, na akageuka pembeni haraka.

Wakamfuata wanawake, mmoja mmoja. Deo hujambo. Deo, umekuwa. Mmoja alijifunika uso na kitenge baada ya kusema. Deo akawajibu kila mmoja, poa, sijambo, kama mtoto yeyote.

Ibra hakuridhika. Akamgeukia Mama Mwenyekiti, akasema hii ndiyo imeharibu kabisa, maana mtoto gani anawaamuru watu wazima nao wanatii? Mama Mwenyekiti akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Nyumbani kwangu wapo watatu wananiamuru kila siku, na mdogo wao bado ananyonya. Chezeni."

Tukacheza. Mkiniuliza mbinu niliyotumia siku ile, sikutumia. Watoto wakishapitia jambo kama lile, mwalimu kaa chini unywe chai yako. Deo alikimbia winga nzima. Ukoo ulikuwa pembeni unashangilia kwa taabu, kila mmoja anamchunga mwenzake. Kuna mama ilimponyoka, akapiga kelele "Ba!", akajiziba mdomo, kisha akamalizia kwa sauti ndogo, "Basi, basi, piga." Nilimtupia macho kipa wa kina Ibra, mrefu kidogo kwa nilivyoona, na kidevuni ana rangi nisiyoielewa. Nikageuza macho. Nilikuwa nimekula kiapo cha siku moja kutomshuku mtu.

Tulikuwa tumeshafungwa goli moja. Dakika za mwisho Shafii akaupiga mpira mrefu, ukampita kila mtu, ukamwangukia Deo peke yake, kipa ameshalala chini. Goli tupu. Hata mtoto aliyeanza mazoezi leo angeufunga ule. Deo akaufikiria. Akaupiga kwa ustadi wote aliokuwa nao, ukagonga mlingoti, ukatoka nje. Refa akapuliza filimbi.

Nawaambia nyinyi mnaoanza: mkitaka kumjua mtoto, msimtazame anapofunga. Deo alikaa pale pale alipopigia, miguu mbele, akalia. Hakulia kama mwenyekiti wa kijiji. Alilia kwa mdomo wazi, kamasi mpaka kidevuni, akaipiga ardhi kwa ngumi, akamwita mama yake. Nilitembea kumfuata, na Ibra akawa anatembea upande wa pili. Tulifika pamoja. Ibra alisimama juu yake, akashusha miwani kutoka kichwani, akaikunja.

"Samahani, mwalimu," akasema. "Huyu ni mtoto."

Nilikuwa nataka kumjibu neno, na la kipa wake lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini ndugu wa Deo walikuwa wanakuja. Walikuwa wametii amri neno kwa neno, na mpira ulikuwa umeisha.

Wakamzunguka. Salvatori akapiga goti kwenye vumbi, karibu kabisa na miguu ya Deo. Hakujua kama inaruhusiwa kumbembeleza mtu aliyemzidi. Akafanya alichokijua.

"Shikamoo babu."

Deo akajaribu kuvuta pumzi, ikakatika. Akajifuta na jezi namba saba, upande mmoja, kisha upande wa pili. "Ma... marahaba," akasema, na kilio kikamrudia hapo hapo.

Akaja wa pili. Shikamoo babu. Akaja mama mwenye jogoo. Kosta ilikuwa inapiga honi, dereva anataka kuwahi kabla ya mvua, kina Shafii wamesimama wamejipanga wanatazama. Deo aliitikia huku analia mpaka wa mwisho wao, na hakumruka hata mmoja.